Taa ya Gari la Waruguru

Mwaka ule wa tisini na sita, Mbula alianza kuichukia taa ambayo hakuwa amewahi kuiona. Ilikuwa taa ndogo ya njano yenye picha ya injini, ndani ya gari la Waruguru, na kila ilipowaka Waruguru alilipeleka gari kwa Kisilu, mume wa Mbula.

Waruguru alikuwa mjane kutoka Nyeri, mwenye hoteli pale Salama kwenye barabara ya Mombasa. Siku za soko alipanda mlimani Nunguni kununua viazi na kabichi, na tangu anunue lile gari kuukuu lililotoka Japani, hakuondoka bila kupitia gereji. Kisilu ndiye fundi pekee pale mlimani aliyejua kuisoma taa hiyo. Aliunganisha matundu mawili chini ya boneti kwa kipande cha waya, kisha yeye na Waruguru wakainama mbele ya dashibodi kuhesabu taa ikipepesa, maana idadi ya mipepeso hutaja kifaa chenye hitilafu. Kila mara ililaumu sensa ya hewa, kile kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini. Kisilu aliisafisha sensa hiyo. Baadaye akaibadilisha kwa nyingine aliyoletewa kutoka Nairobi. Alichomoa waya wa betri ili kufuta kumbukumbu ya hitilafu, Waruguru akashukuru na kuteremka. Soko lililofuata akarudi, taa imewaka tena njiani.

Mbula aliuza mitumba upande wa pili wa barabara, na macho yake hayakuwa kwenye nguo. Aliviona vichwa viwili vikikaribiana nyuma ya kioo. Alimwona Kisilu akieleza jambo kwa mikono, akicheka. Nyumbani Kisilu alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimuuliza siku ilikuwaje, alisema nzuri, akaomba maji ya kuoga. Lakini siku za soko sasa alivaa ovaroli safi, na aliyekuwa akiifua ni Mbula.

Jumapili moja kanisani alijikuta akiomba gari lile liungue. Alifungua macho kwa aibu, akatazama kama kuna aliyemsikia.

Usiku huo alimwambia mumewe kwamba hajawahi kuona fundi akishindwa na taa moja miezi yote hiyo, labda fundi mwenyewe hataki izime. Kisilu hakukasirika. Alisema hitilafu yenyewe haijitokezi akiliendesha gari pale sokoni, na hawezi kutengeneza asichokiona.

Basi Mbula akaamua kuiona mwenyewe. Siku ya soko alimwendea Waruguru akipakia magunia, akamwomba lifti hadi Salama, ati kuna mama wa kanisa anayeugua. Waruguru alifurahi kupata wa kuongea naye. Njia nzima alimsifu Kisilu: fundi mvumilivu, anayekueleza gari lako bila kukuona mjinga. Mbula aliitikia tu. Kwa miaka kumi ya ndoa hajawahi kuelezwa hata spana ni nini.

Waliteremka bila tatizo, taa imezima. Halafu barabara ikashika kilima kimoja kikali. Gari lilikuwa limejaa viazi, Waruguru akaingiza gia ya kwanza, na Mbula akasikia kitu kikigonga mbele ya miguu yake, kama mtu anayesukuma mlango. Gari likashtuka. Taa ikawaka.

"Hicho kinachogonga ni nini?" Mbula aliuliza.

"Ni mawe ya barabara. Imekuwa hivyo siku nyingi."

Kilima kilipoisha, taa ikazima. Katika kilima cha pili kikagonga tena, na taa ikawaka wakati uleule. Hapakuwa na mawe. Mbula alishika mkono wa mlango. Alikuwa amekuja kutafuta uongo wa mumewe, na hakuwa amedanganywa.

Alirudi Nunguni kwa lori la mchanga. Kisilu alipofunga gereji, alimsimulia yote: mzigo, kilima, kile kinachogonga, taa. Kisilu alisikiliza akimtazama kwa namna ambayo hakuwa amemtazama siku nyingi, kisha akasema polepole kwamba huenda injini yenyewe imelegea na inacheza mahali pake.

Siku ya soko Mbula aliwaachia majirani mitumba yake, akaja kusimama kando ya boneti. Kisilu alimwambia Waruguru akanyage breki, aweke gia ya kwanza, aachie klachi kidogo. Injini ikajiinua upande mmoja kama ng'ombe anayeamka, na waya wa sensa ukavutika hadi ukakaza. Raba inayoshikilia injini ilikuwa imekatika. Sensa zote mbili, ya zamani na mpya, zilikuwa nzima; waya uliovutwa ndio uliowasha taa. Kisilu akafunga raba nyingine, akaurefusha waya, na Waruguru akapanda kilima cha kanisa na magunia yake yote. Taa haikuwaka.

Aliporudi alimshika Mbula mikono yote miwili akimshukuru. Mbula alitabasamu. Alikuwa amemwondoa pale gereji kwa njia ambayo hakuna mtu angeilaumu, na mwanamke huyo alikuwa akimbariki.

Jioni Kisilu alikula chakula nusu. Mbula akamuuliza kama amefurahi.

"Gari imepona, Mama Kalunde," akamwita kwa jina la mtoto wao.

"Sijauliza gari. Nimekuuliza wewe."

Kisilu alisukuma sahani yake kando. "Nitazoea," akasema.

Neno hilo lilimchoma Mbula kuliko yote aliyokuwa amewaza. Alitaka kuuliza atazoea nini, lakini alikuwa anajua: hapakuwa na dhambi ya kumshika nayo, ila palikuwa na mtu aliyependa kumsikiliza Kisilu, na mtu huyo hakuwa yeye. Aliondoa sahani, akaziosha mara mbili. Kisha akarudi, akaketi kando ya mumewe, na kwa sauti iliyokuwa bado na hasira akamwomba amweleze ile hewa huingia vipi kwenye injini, na kwa nini injini huitaka.

Kisilu alimtazama aone kama anamdhihaki. Halafu akasogeza taa ya mafuta, akaanza kueleza.