Mkono wa Min Nam

Tangu Ayoo aingie, Machibya alikuwa ameshatazama dari, mashine ya fotokopi, hata chupa ya soda iliyokwisha zamani. Kitu pekee ambacho hakukitazama ni mkono wa kushoto wa sweta la Ayoo, ulioning'inia bila kiganja ndani yake. Ayoo alimwona. Miezi mitano alikuwa amekaa nyumbani akijifunza kufunga vifungo kwa mkono mmoja, na watu wa aina hiyo alikuwa amewajua kuliko alivyotaka. Wanakuonea huruma mpaka wanasahau kwamba umekaa mbele yao.

Walikuwa kwenye chumba cha nyuma cha duka la Machibya la madaftari na fotokopi, mtaani Mirongo. Kwa miaka mitatu, kila Jumamosi mchana, wao na wenzao wawili walikutana humo kucheza mchezo wao. Kila mmoja anakuwa mtu mwingine katika nchi ya kubuni, anasema anachofanya, na dadu ya pande ishirini inaamua kama amefaulu. Machibya alikuwa mwamuzi. Luhende, dereva wa bajaji, alikuwa shujaa wa mapanga anayejua pia kuwasha moto bila kiberiti. Teodora, muuguzi, alikuwa mponyaji. Ayoo alikuwa Min Nam, yaani mama wa ziwa kwa Kiluo, fundi wa maji, bibi mwenye ulimi mkali asiyemwogopa mfalme wala mamba. Neno uchawi halikutamkwa chumbani humo, maana ukuta ulikuwa mwembamba na majirani hawakuwa na mzaha na neno hilo. Wao walisema "kazi".

Kila kazi ilikuwa na masharti matatu: neno, kitu na ishara. Neno ulitamke kwa sauti. Kitu ukiweke kwenye sahani ya bati. Ishara uifanye kwa mikono yako mwenyewe, hapo hapo mezani. Hakuna cha "tuchukulie nimefanya". Masharti hayo aliyaleta Ayoo, akayaandika kwa mwandiko wake kwenye daftari la jalada gumu, na ndiyo yaliyoufanya mchezo huo uwe wa kwao.

Siku hiyo, mchezoni, walikuwa wamenaswa kwenye pango chini ya ziwa na maji yamewafika shingoni. Kazi moja tu ingeweza kuwaokoa wote, nayo ni ya Min Nam: Pumzi. Ikifaulu, wote wanapumua majini. Ikishindikana, wenzake wanatupwa nje na maji, na fundi mwenyewe anazama.

"Min Nam anafanya kazi ya Pumzi," Ayoo alisema. Akatamka neno. Akatoa dagaa mkavu mfukoni, akamweka kwenye sahani. Kisha akainua mkono wa kulia, akapasua hewa kama mtu anayeogelea.

Machibya akakohoa. "Ishara ya Pumzi ni mikono miwili."

"Min Nam anayo miwili, kaka Machibya. Asiye nayo ni mimi."

"Najua. Lakini sheria ya meza hii inamtaka mchezaji mwenyewe. Nikikulegezea wewe, kesho kila mtu atataka alegezewe." Akavuta karatasi mpya, iliyochapwa kwa rangi, akaisogeza mbele ya Ayoo kwa upole uliokera kuliko tusi. "Ila usijali, dada. Tumeshakufikiria. Wiki iliyopita tulikaa, tukakutengenezea mtu mwingine. Anabeba mwenge. Hana ishara hata moja. Teodora ndiye atakayemchukua Min Nam."

Tulikaa! Ayoo alihisi damu ikimpanda kichwani. Mashine ya kukamua miwa pale stendi ya Nyegezi ilimla kiganja kwa sekunde mbili, lakini mashine haina akili. Hawa walikuwa na akili zao timamu. Walikaa, wakanywa soda, wakamgawa Min Nam kama nguo za marehemu.

"Teodora, umeshajifunza ishara zangu?"

Teodora aliinamia vidole vyake. "Hatukujua kama utarudi."

"Na simu yangu ilikuwa imezimwa?"

Luhende akajikuna kidevu. "Ayoo, tusidanganyane. Mwaka juzi nilipovunjika mkono nikaja na plasta ngumu, aliyenikatalia kazi yangu ya moto ni nani? Ulifunga daftari, ukanicheka."

Ilikuwa kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli ilimchoma zaidi. Alijikumbuka akicheka, ana vidole kumi, hana habari. Hasira ikamgeukia yeye mwenyewe, ikamkuta hana pa kujificha.

"Nilikukatalia," alisema. "Nilikuwa mpumbavu. Lakini wako ulipona, Luhende. Wangu niusubiri mpaka lini?"

Akaichukua ile karatasi ya mbeba mwenge, akaibana ncha kwa meno, akaichana katikati, akatema kipande mezani. Kisha akavuta daftari. Jalada lilikuwa gumu, kila akilifungua linajifunga. Teodora akanyoosha mkono amshikie.

"Acha!"

Akalivuta sweta kwa meno mpaka kiwikoni, akakandamiza ukurasa kwa kigutu chake, chenye kovu ambalo bado lilikuwa na wekundu. Wote walikitazama, Machibya pia, kwa sababu daftari ndilo walilotaka kulisoma na kigutu ndicho kilicholishika. Ayoo akaukata mstari wake wa zamani wa ishara kwa kalamu, akaandika mpya, akausoma kwa sauti: "Kazi zote zifanywe kwa mkono mmoja. Mwenye wa pili auweke mgongoni."

"Nani amekuruhusu?" Machibya aliuliza.

"Aliyeandika ule wa kwanza."

Luhende ndiye aliyetangulia kupeleka mkono wake wa kushoto mgongoni. Teodora akafuata. Machibya akashusha pumzi, akamsogezea Ayoo dadu. "Haya. Kumi na kuendelea, unafaulu."

Ayoo akarudia yote: neno, dagaa, ishara. Ishara ilikuwa safi. Akarusha. Dadu ikaviringika, ikagonga sahani, ikatulia. Nne.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Machibya alimtazama usoni, na macho yake yalikuwa yamelegea kwa huruma. "Imegonga sahani, Ayoo. Tuseme haihesabiki. Rusha tena."

"Usithubutu," Ayoo alisema. "Min Nam ameshindwa na dadu, kama mtu mwingine yeyote. Andika: amezama."

Machibya akaandika. Ayoo alimsimamia kwa macho mpaka herufi ya mwisho, kisha akavuta karatasi tupu, akaibana kwa kigutu, akaanza kuandika jina la mtu wake mpya.