Programu Iliyoacha Kuuliza

Shemeji alinikuta nimekaa sakafuni katika chumba cha seva, bisibisi mkononi, diski mbili mapajani.

"Zirudishe," alisema.

"Sirudishi."

"Shemeji, hapa kazini mimi ni meneja wako."

"Na nyumbani ni mume wa mdogo wangu. Pande zote mbili jibu ni hilo hilo."

Nieleze jambo lenyewe kwa mpangilio. Kituo chetu cha redio kina seva moja kubwa. Ndani yake, katika diski ndogo ya peke yake, tunaweka programu inayoigawa mashine hiyo iwe mashine nyingi, mfano wa nyumba moja yenye wapangaji kadhaa. Mmoja anarusha matangazo, mwingine anatunza barua za ofisi, wa tatu anahifadhi sauti za zamani. Kila mpangaji ana mlango wake na hajui shida za jirani. Asubuhi ile tulikuwa tunaweka toleo jipya la programu hiyo, na sauti zote za kituo zilikuwa katika diski mbili nilizozipakata. Ya pili huiga ya kwanza papo hapo: hii ikifutwa, na ile hufutika. Nakala nyingine haikuwapo. Niliiomba mara nyingi, nikajibiwa kwamba itatengenezwa usakinishaji ukiisha. Ni sawa na kumwambia mtu atafunga mlango mwizi akishatoka.

Katika sauti hizo imo ya mama yangu. Alisoma taarifa ya habari ya asubuhi tangu kabla sijazaliwa, mpaka ugonjwa wa koo ulipomnyang'anya sauti. Sasa huongea kwa mnong'ono. Wajukuu wake hawajawahi kumsikia vinginevyo, ila redio inaporudia vipindi vyake.

Nilipoanza kazi, programu hii ilikuja kwenye sidii. Uliitia sidii, ukaketi, nayo ikaanza kukuhoji kama karani wa uhamiaji. Lugha gani? Anwani gani ya mtandao? Nisakinishe katika diski ipi? Una hakika? Una hakika kweli? Tulichoka, tulisonya, lakini tulijibu. Baadaye ikaja kwenye flashi, maswali yakapungua. Kisha flashi nayo ikaachwa, seva ikawa inavuta programu kupitia mtandao. Leo makao makuu yanaandika faili moja ya maelekezo, mtu anabonyeza kitufe katika mji mwingine, na mashine yako inafutwa na kujengwa upya huku wewe unakunywa chai. Ni maendeleo, sibishi. Ila programu imeacha kuuliza. Faili ile ilisema tu: sakinisha katika diski ya kwanza. Ya kwanza kwa hesabu ya nani? Mashine huzihesabu diski zake inapoamka, na haiamki vilevile kila siku.

Kwa hiyo nilifanya kama mafundi wa chumba hiki tulivyofanya siku zote. Kabla ya kusakinisha, chomoa kila diski yenye kitu usichotaka kipotee. Kisichokuwamo hakifutiki. Lakini faili ya makao makuu hukagua kwanza kama mashine imekamilika. Iliandika kwa rangi nyekundu kwamba diski mbili hazionekani, kisha ikagoma.

"Tangu asubuhi tunarusha muziki mtupu kutoka kompyuta ya mapokezi," alisema Shemeji.

"Vizuri. Wasikilizaji watacheza."

"Usinitanie. Vituo vyote vingine vimesakinishwa kwa faili hii hii. Hakuna kilichopoteza kitu."

"Asiyewahi kugongwa na gari hajathibitisha kwamba barabara ni salama."

"Sema tu unaogopa mabadiliko."

"Mimi ndiye niliyeomba toleo jipya! Umesahau? Ninachokataa ni kufutiwa bila kuulizwa."

"Naweza kukusimamisha kazi sasa hivi."

"Nisimamishe. Nitasimama, na diski zangu mkononi."

"Si zako."

"Basi ni za mkweo. Mpigie, umwambie sauti yake tunaichezea bahati nasibu."

Shemeji hababaishwi na wakurugenzi, lakini mbele ya mama hukalia ncha ya kiti.

"Usimwingize mama humu," alisema taratibu.

"Yumo tayari." Nilizigonga diski kwa ukucha.

Akampigia mhandisi wa makao makuu, akafungua kipaza sauti cha simu.

"Rudisheni hizo diski, nianze upya," mhandisi alisema.

"Kaka," nilimwita, "faili yako inaijuaje diski ya kwanza?"

"Ni ile inayotangulia kuonekana, dada."

"Picha za harusi yako zingekuwa humu, ungeiacha ichague yenyewe?"

Akacheka kidogo. "Hapana. Ningeandika namba ya diski ninayoitaka."

"Basi andika."

"Utaratibu hauruhusu kila kituo kiwe na faili yake."

"Utaratibu haujapakata diski. Mimi nimezipakata, na leo sina pa kwenda."

Shemeji alinitazama, akazitazama diski. Alilegeza tai. Kisha akaisogeza simu mdomoni.

"Andika namba," alisema. "Na uliondoe sharti la kuona diski zote. Wakikuuliza, waambie ni mimi niliyeagiza."

Nilimsomea mhandisi namba iliyobandikwa kwenye diski ndogo iliyobaki ndani ya seva. Usakinishaji ukaenda mpaka mwisho bila kuuliza swali hata moja. Nikazirudisha zile mbili, nikakaza skrubu, tukasubiri. Wapangaji wakaamka mmoja baada ya mwingine. Shemeji akaomba tufungue sauti moja, yoyote.

"Hamjambo, wasikilizaji," mama alisema, kwa sauti iliyojaa chumba kizima. Shemeji akafunga kifungo cha koti.

Alipomaliza kusikiliza, aligeuka. "Huenda ingechagua diski sahihi hata hivyo."

"Huenda."

"Basi umetupotezea asubuhi nzima bure."

"Mimi nikikosea, tunapoteza asubuhi. Wewe ukikosea, tunapoteza sauti ya mama mara ya pili."

Alifika mlangoni, akasimama. "Mwezi ujao inakuja seva ya pili. Nitakupa nakala unayoitaka kabla hatujaanza. Lakini huko usichomoe kitu."

Nilipangusa bisibisi kwenye sketi, nikaitia mfukoni.

"Nakala naipokea," nilisema. "Na nitachomoa."