Waraka wa Washington Mbele ya Moto

"Lyle, yule mzee karibu na mlango, ni yeye au macho yangu?"

"Ni yeye," Lyle akasema. "Stensrud mwenyewe, na fimbo yake na kofia yake. Nimtoe?"

Delphine Moses alimkazia macho mzee huyo kutoka upande wa pili wa nyumba kuu ya kabila lao, wenyeji wa asili wa bonde lile. Jamani, kuna watu hawana haya! Orville Stensrud, askari wa uvuvi mstaafu, ndiye aliyemfunga baba yake pingu kwenye ukingo wa mto, akazikatakata nyavu zake kwa kisu huku watoto wakitazama, akampeleka mahakamani kuwa ni mwizi wa samaki aina ya samoni. Mwizi! Wilbert Moses, aliyekuwa akivua palepale alipovua babu yake na babu wa babu yake. Alitoka jela amenyauka, akafa mapema, na huko shuleni Delphine akaitwa binti mwizi mpaka alipoacha kwenda. Leo ana wajukuu, na jina hilo bado linamchoma.

Na leo ndiyo siku ambayo huenda likafutika. Au likagongomewa misumari kabisa, nani ajuaye.

Renee, wakili wao, msichana aliyezaliwa hapahapa bondeni, alikuwa amewakaba koo wakubwa wa serikali huko Washington mahakamani mpaka wakautapika waraka mmoja wa zamani. Yalikuwa maoni ya mwanasheria wa serikali, aliyeulizwa na serikali yenyewe: samaki wa mto huu ni wa nani kisheria? Aliandika jibu lake, wakalisoma, wakalifungia. Walidai ni siri ya wakili na mteja wake. "Na mteja ni nani?" Renee alimwuliza hakimu. "Si sisi wananchi tunaomlipa mshahara?" Hakimu alifikiri sana, kisha akaamuru utolewe. Sasa mtu yeyote mwenye simu anaweza kuusoma.

Delphine hakuusoma. Renee alipotaka kumdokezea, aliziba masikio. Pale kwao jambo zito halijawa jambo mpaka lisemwe ndani ya nyumba kuu, mbele ya mashahidi. Shahidi anaitwa kwa jina na kutiwa sarafu mkononi. Anasikiliza, na mwisho anasimama kueleza alichosikia. Tangu hapo hana ruhusa ya kusahau, wala ya kunyamaza akiulizwa. Familia yenye shughuli ndiyo inayochagua mashahidi, na bado nafasi moja ilikuwa haijajazwa.

"Usimtoe," Delphine akasema. "Mwite awe shahidi."

"Dada, umechanganyikiwa?"

"Mwite, nimesema! Kama amekuja kutuchungulia, basi asikie mbele za watu, halafu asimame aseme kwa mdomo wake mwenyewe. Nataka nimwone anavyoumbuka."

"Wewe mwanamke utaniletea kesi nyingine," Lyle akanung'unika, lakini yeye ndiye mnenaji, na mnenaji anasema anachotumwa na familia. Akasogea katikati, kati ya mioto miwili iliyowashwa ndani ya nyumba ile, akaliita jina lile kwa sauti. Watu wakageuka. Minong'ono ikaanza huku na huku.

Kwenye benchi la mbele, kando ya Delphine, shangazi Earline, dada wa marehemu Wilbert, alikuwa amejifunika blanketi mpaka kidevuni. "Wanamwita nani?" akauliza.

"Stensrud, shangazi," Delphine akasema.

"Yule mjinga wa kisu? Hajafa tu?"

"Mbona wewe hujafa?"

"Mimi nina sababu," shangazi akajibu.

Mzee Stensrud aliinuka pole pole. Lyle alimtia sarafu kiganjani, akamwuliza kama anaijua kazi ya shahidi. "Nimeishi bonde hili maisha yangu yote," mzee akasema. "Naijua." Akakaa, ameikumbatia fimbo yake.

Renee akaanza kusoma. Mwanzo, kusema kweli, ulichosha. Vifungu, tarehe, rejea ya kesi hii na ile. Watoto wakaanza kusukumana, na jikoni mtu akaangusha sufuria. Delphine alikuwa amekaza vidole vyake mpaka vikamuuma. Kisha Renee akapunguza mwendo.

"Haki ya kuvua katika mto huu," akasoma, "haikutolewa na serikali kwa watu hawa. Ilikuwa yao kabla ya serikali kuwapo, na katika mkataba tuliotiliana nao hawakuiachia. Kwa hiyo mtu wao anayetega nyavu mahali pake pa asili havunji sheria yoyote. Kumkamata ni kosa letu, si lake."

Watoto wakaacha kusukumana.

Delphine akamfikiria aliyeyaandika maneno yale. Mtu mmoja, huko mbali, asiyewahi kukanyaga tope la mto huu, aliketi mezani akaufuata ukweli hatua kwa hatua mpaka akaufikia, na alipoufikia hakuuogopa. Aliuandika kwa maneno ambayo hata mtoto angeyaelewa. Kisha maneno hayo yakakaa kabatini miaka yote hiyo, mazima, hayajapungua hata herufi. Delphine aliogopa, kama mtu aliyeguswa bega na asiyemwona. Machozi yalimtoka naye hakujishughulisha kuyafuta.

Renee akasoma tarehe ya waraka. Ulikuwa wa majira ya kuchipua. Baba alikamatwa vuli ya mwaka uleule, miezi kadhaa baadaye.

Walijua. Pingu zilipofungwa, walikuwa wanajua!

"Kuna mstari mmoja wa mwisho," Renee akasema. "Inashauriwa maoni haya yasipelekwe kwa askari walioko mtoni, wasije wakasita kufanya kazi yao."

Delphine akageuka kumtazama Stensrud. Alikuwa ameisubiri aibu ya mzee huyu karibu maisha yake yote, alitaka kuishiba. Lakini alichokiona usoni mwake kilimnyima raha hiyo. Mzee alikuwa ameacha mdomo wazi, anautazama moto, kama mtu aliyeambiwa leo kuwa amefiwa zamani.

Mashahidi wakasimama mmoja mmoja, wakasema walichosikia. Ilipofika zamu yake, Stensrud alivua kofia.

"Nilikuwa kijana," akasema. "Niliambiwa ni wezi, nami nikaamini. Sikuuliza. Wao walikuwa na karatasi hii, wakanificha mimi pia, ili mkono wangu usitetemeke." Akaibana sarafu kiganjani. "Hayo ni yangu, nitayabeba. Lakini nimeitwa kuwa shahidi, na nilichosikia ni hiki. Mto ni wao. Samaki ni wao. Wilbert Moses hakuwa mwizi. Nitakayemkuta huko nje akisema vingine, nitamwambia hivyo hivyo, hata awe ndugu yangu."



Shangazi Earline akalitupa blanketi kando, akashika bega la Delphine, akasimama.

"Sema tena," akamwambia Stensrud. "Jina lake. Kwa sauti."

"Wilbert Moses hakuwa mwizi," Stensrud akasema.

"Tena."

Akasema tena, na tena, huku analia, na shangazi hakumruhusu kukaa.