Neno Lililoingia Kwenye Pilau

Usiku wa jana niliota nipo kazini, duka la dawa, natafuta funguo za kabati la vidonge, na kila droo ninayoivuta naikuta imejaa mchele. Mteja alikuwa anasubiri dawa ya kikohozi. Nikampimia mchele, nikamwambia anywe kutwa mara tatu, akashukuru akaondoka.

Ndipo likaingia neno.

Liliingia kwa ubavu, maana lilikuwa refu kuliko mlango. Herufi zake zilikuwa zimeshikana mikono, R mbele na kitambi chake, N nyuma inahema. Zile E mbili zilikuwa pacha na zote zimenuna. Nililitambua mara moja. Lilikuwa "revelation", neno la Kiingereza la kusema ufunuo, ambalo jioni ile ile nilikuwa nimeliandika kwa mkono wangu.

Hapa inabidi nieleze, maana ndoto yenyewe haikujisumbua. Jumamosi ni arobaini ya Bamkubwa Hatibu, mume wa dada yake mama. Mwanawe Nadhifu yuko Uingereza, ameshindwa kuja, akaniomba nimwandikie maneno machache ya Kiingereza awasomee wenzake wa kazini. Mimi ndiye Mzungu wa ukoo, eti kwa sababu nasoma maandishi ya kwenye maboksi ya dawa. Nikaandika kwamba Bamkubwa alikuwa mkimya, alipenda gazeti, na pilau ya mkewe ilikuwa revelation kwa kila aliyeila. Nikajiona nimeandika, nikalala.

"Wewe ndiye Sikudhani?" neno likauliza. Herufi zote zilisema pamoja, ila O ilichelewa kidogo.

"Ndiye mimi. Karibu ukae."

"Sikai. Umeniweka kwenye pilau."

"Ni pilau nzuri sana."

"Uzuri wake haunihusu. Tanga nzima inajua kuwa ni nzuri. Kazi yangu mimi ni kufichua kilichofichwa, watu wabaki midomo wazi. Umeniita kazini, nimefika, kazi hakuna. Nipe kitu cha kufichua, la sivyo naondoka na hiyo pilau."

Nikaingiwa na hofu, kwa sababu pilau yenyewe tayari ilikuwa na matatizo. Wiki hii Mamkubwa alitaka tukodi mpishi wa arobaini. Tukakataa, na aliyekataa kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi: Bamkubwa asomewe hitima kwa pilau ya kukodi, tumechanganyikiwa? Tangu siku hiyo Mamkubwa hali chakula vizuri, na ukimuuliza anasema mikono inamuuma.

Tunatoka kwa mlango wa nyuma wa duka, ambao unatokea moja kwa moja uani kwa Mamkubwa, jambo ambalo nikiwa macho lingenipunguzia nauli. Wageni wamekaa mikekani. Kila mmoja mbele yake ana kawa imefunika kitu, na hakuna anayekula.

"Mmefunika nini?" nauliza.

"Siri," anasema jirani yetu Bi Mwatime. "Tumeambiwa kila mtu aje na yake."

"Funueni," linasema neno.

Bi Mwatime anafunua. Chini kuna wigi. "Nywele hizi si zangu," anasema.

"Tunajua," ua mzima unajibu.

Neno linatikisa R. "Wanalolijua wote si langu. Hizo ni habari tu."

Shehe anafunua yake, anatoa kalenda, anatuarifu kwamba Jumamosi inakuja baada ya Ijumaa. Neno linamwambia kwa adabu kwamba hilo ni tangazo. Mara mbuzi anaanguka kutoka juu ya paa, anajikung'uta, anaomba radhi kwa usumbufu. Watu wanashangaa kweli kweli. Naligeukia neno kwa matumaini.

"Mmeshangaa," linasema, "lakini huyu mbuzi alifichwa na nani? Hilo ni tukio. Siri peke yake haitoshi, na mshangao peke yake hautoshi. Nataka vyote viwili, na awepo wa kuambiwa."

Mbuzi anaomba maji ya kunywa.

Mimi siwezi kutulia. Nazunguka uani, kandambili zangu zote mbili ni za mguu wa kushoto, naenda mlango wa jikoni, naukuta umefungwa, narudi, naenda tena. Mamkubwa amekaa juu ya kawa kubwa kuliko zote, ameishikilia kwa mikono miwili, na neno limeanza kumsogelea. Hanitazami. Macho yake yapo kwenye ule mlango.

Mlango wa jikoni kwake siku ya pilau hufungwa kwa ndani. Pilau inaogopa jicho, ndivyo alivyotuambia tangu tukiwa wadogo. Aliyeruhusiwa kuingia ni Bamkubwa peke yake, na gazeti lake, amsomee mkewe habari wakati anapika. Ukoo mzima tuliwatania kwa mapenzi hayo. Akitoka humo Bamkubwa amelowa jasho kuliko mpishi, nasi tukasema ni umri.

Natia mkono mfukoni, nakuta funguo za kabati la vidonge. Zinafungua jikoni.

Ndani yumo Bamkubwa na singlendi, shati limetundikwa msumarini, anakata vitunguu juu ya gazeti.

"Shikamoo, Bamkubwa."

"Marahaba. Funga mlango, kuna jicho."

"Kumbe ni wewe?"

"Tangu tulipooana. Mama yangu alikuwa mkali, na yule mtoto wa watu hakujua hata kuchambua mchele. Mimi nilijifunza kambi ya mkonge, tulikuwa wanaume watupu. Tukasema mara moja tu, mama aridhike. Mama akaenda kuwatangazia majirani kuwa amepata mkwe mpishi." Akanisukumia kisu. "Menya, usisimame kama mgeni."

Nikamenya. "Hakutaka kujifunza?"

"Alitaka kila mwaka. Nami kila mwaka nikamwambia bado." Alifuta macho kwa kiwiko. "Nilipenda kukaa uani nikisikia anavyosifiwa. Na nilidhani nitakuwepo."

Sufuria kubwa likakohoa pale mekoni. "Mwambie chai," likasema.

"Chai ya rangi, kikombe kimoja," akasema Bamkubwa, "supu ikianza kuchemka, kabla ya mchele. Ile rangi mnayosema ni ya mkono wake, ni majani ya chai."

Mlango ukagongwa. R ilikuwa inajipenyeza kwenye tundu la ufunguo.

"Nimesikia yote," likasema neno. "Ina siri, ina mshangao. Hiyo sasa ni kazi yangu. Toka nayo uani, watu wote wapo."

Hapo nilipandwa na hasira. Mamkubwa aaibishwe mbele ya mawifi zake, tena siku ya arobaini ya mumewe, kwa sababu mimi nilitaka sentensi ipendeze? "Sitoki," nikasema. "Umesema awepo wa kuambiwa. Hukusema wawe wengi."

Herufi zikatazamana. Zile E zikanong'onezana.

"Mmoja anatosha," neno likakubali, "ikiwa amebaki mdomo wazi."

"Basi nitazame."

Mdomo wangu ulikuwa wazi tangu nilipoingia. Neno likaupima kwa I, likaridhika, likaondoka kwa ubavu. Mbuzi akaomba waongozane.

Nikaamka. Nje kumekucha, majirani wanafagia. Jana usiku nilikula mkate na chai, sikugusa kitunguu. Lakini chini ya kucha ya dole gumba kulikuwa na ganda la kitunguu, jembamba, la rangi ya zambarau, na hata niliponawa kwa sabuni harufu ikabaki.

Kwanza nikalitoa neno lile kwenye maandishi ya Nadhifu. Nikaandika tu kwamba baba yake alikuwa akimsomea mama yake gazeti jikoni. Halafu nikapiga simu.

"Shikamoo, Mamkubwa."

"Marahaba. Mbona mapema hivi, kuna nini?"

"Jumamosi nataka nije asubuhi. Tufunge mlango wa jikoni, nikusomee gazeti."

Nikasikia anafunga mlango kule kwake.

"Sikudhani," akasema polepole, "utaweza kusoma wewe?"

"Nitaweza. Chai ya rangi kikombe kimoja, supu ikianza kuchemka. Na safari hii tunasoma wote wawili."

Akalia. Sikumnyamazisha. Nami nililia vilevile, nimesimama jikoni kwangu na dole gumba puani.

"Ila gazeti uje nalo kweli," akasema alipopata sauti. "Mawifi zangu wana tabia ya kuchungulia."