Mlio wa Saba

Mwita aliponijia na wazo la kung'oa sailensa ya gari lake, mimi ndiye niliyemwambia kwamba jambo hilo linawezekana, tena kwa siku moja. Nalisema hili mapema ili kijana wa watu asibebeshwe lawama peke yake.

Gari lenyewe lilikuwa Altezza ya bluu, la chini, lenye usukani mdogo na viti vinavyokumeza mpaka magoti yakakaribia kidevu. Alilifuata Dar es Salaam baada ya duara lake kutoa mawe mazuri. Duara ni shimo la kuchimbia dhahabu, na la Mwita liko machimbo ya Isunga, nje kidogo ya barabara ya Kahama kwenda Geita. Yeye ni Mkurya wa Tarime, umri wake haujafika miaka thelathini, na sisi wote pale tulikuwa watu wake wa kazi, hata mimi mwenye miaka sabini na mbili. Shida yake ilikuwa moja. Gari la mbio lilikuja na sauti ya gari la padri.

"Mzee Ndaki," aliniambia, "nikipita hata kuku hawageuki."

Nikachukua kijiti nikamchorea chini. Mambo ya injini niliyapata Shinyanga, nilipokuwa mpakaji wa grisi katika kinu cha kuchambua pamba. Mchana nilishika kopo, jioni nilikwenda darasa la watu wazima, na mwalimu wetu alinipa kitabu chenye michoro ya injini ya petroli ambacho ninacho mpaka leo. Basi nikamwonyesha Mwita jinsi moshi unavyotoka kwenye injini kwa kishindo, unavyoingia katika lile boksi lenye vyumba na mabomba yenye matundu, na jinsi kishindo kinavyogongana chenyewe humo ndani mpaka kinachoka. Ukiondoa boksi ukaweka bomba lililonyooka, sauti inatoka nzima.

Tulikwenda Kahama kwa Donatus, fundi wa kuchomelea. Aliingia chini ya gari, akakata sailensa kwa grainda, akaitoa ikiwa na kutu upande mmoja. Kabla hajachomelea bomba jipya alituita akatuonya kwamba sasa gari litakuwa linapiga. Dereva akiachia mafuta ghafla kwenye mteremko, petroli iliyopita bila kuungua itawakia ndani ya bomba, na hapo utasikia mlio kama wa bunduki. Nilimjibu mbele ya vijana wake kwamba hilo nalijua, nimelisoma kabla yeye hajazaliwa. Donatus alifuta mikono akasema sawa, kama wazee wanajua.

Mwita alipowasha, mabati ya kibanda yalitetemeka. Yeye alicheka kama mtoto. Na mimi, sitaficha, nilifurahi. Masikio yangu yalikwisha kuchoka kwa miaka ya kukaa karibu na mashine, lakini mlio ule niliusikia kifuani. Tulipolifikisha Isunga, Asteria anayetupikia alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alimuuliza Mwita kama gari limeumwa kifua, au kama pesa ilimwishia kabla hajanunua kipande cha nyuma. Watu walicheka wiki nzima.

Sasa nieleze kazi yangu. Wachimbaji wakishachoronga mwamba chini ya shimo, blasta wetu, Abel, hujaza baruti katika matundu na kuwasha tambi. Tambi hazilingani urefu, kwa hiyo baruti hazilipuki pamoja. Zinapiga moja baada ya nyingine. Juu lazima awepo mtu wa kuhesabu. Matundu yakiwa saba, milio iwe saba. Ikiwa sita, maana yake kuna baruti iliyolala, ipo pale chini ya kifusi inasubiri mtu aje aigonge na chuma. Hapo hakuna anayeshuka mpaka kesho yake, na wa kwanza kushuka ni blasta.

Kwa miaka tisa mhesabuji wa Isunga nilikuwa mimi. Wenye maduara ya jirani walikuwa wakiniazima. Kwa kuwa masikio si ya kuaminika sana, nilikuwa na desturi yangu. Nilivua kiatu cha kulia na kukanyaga ardhi kwa unyayo mtupu karibu na mdomo wa shimo. Mlio wa chini unapanda kwa mguu kabla haujafika sikioni. Vijana walinizoea hivyo, wala hawakucheka.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Alhamisi. Mwita alikuwa ameniahidi kwamba jioni atanipeleka Geita mjini kwa gari lake, nikamwone mwenzangu tuliyesoma naye jioni Shinyanga. Nikavaa suruali yenye pasi, viatu vya kamba na soksi nyeupe. Saa sita mchana Abel alipanda akatangaza kwamba matundu ni saba na tambi zinawaka. Niliitazama ardhi iliyoloa, nikazitazama soksi. Nikajiambia kwamba leo nitasikiliza tu. Nikakaa juu ya mifuko ya mchanga, mbali kuliko kawaida, mgongo wangu ukielekea barabarani.

Wa kwanza ulipiga, wa pili, wa tatu. Wa nne na wa tano ilifuatana. Wa sita. Kisha kukawa kimya. Nilikaza shingo. Kimya kiliendelea, na tayari nilianza kufikiri jinsi nitakavyowaambia kwamba leo hakuna kazi tena. Ndipo nikasikia puu, mbali kidogo, mzito. Nilishukuru. Nikainua vidole saba, nikagonga rimu ya gari tuliyoitundika kuwa kengele, nikasema shimo ni safi.

Mzee Ndaki akisema saba, ni saba. Hakuna aliyeniuliza.

Tulisubiri moshi utoke. Kompresa iliwashwa kupeleka hewa chini kwa bomba la mpira, tukala ugali na dagaa wa Asteria. Kwenye saa nane Ngassa alijifunga kamba ya winchi, akashuka peke yake kwenda kuangalia mawe yalivyokaa na kuanza kuyavunja. Ngassa ni mume wa binti yangu Klara. Mimi ndiye niliyemwombea kazi kwa Mwita mwaka juzi, baada ya pamba yake kuliwa na wadudu.

Maige, kijana wa winchi, alimshusha mita arobaini mpaka kamba ikalegea. Muda si mrefu tukasikia Altezza ikinguruma kutoka upande wa madukani. Mwita aliegesha, akaja kwangu huku akizungusha ufunguo kidoleni.

"Shikamoo, Mzee. Uliisikia ile?"

"Marahaba. Ipi?"

"Ya saa sita. Mteremko wa shule. Niliachia mafuta, ikapiga moja tu, puu. Pale dukani waliapa kwamba ni duara letu."

Nilimuuliza kama ana hakika ilikuwa saa sita. Alisema ndiyo, alikuwa akisikia baruti zetu, akahesabu mpaka sita kwa kujifurahisha, naye akaongeza ya kwake.

Miguu ilikwisha kuondoka kabla yangu. Nilifika mdomo wa shimo nikaita jina la Ngassa kwa sauti yote niliyo nayo, lakini kompresa ilikuwa inapiga kelele pembeni na sauti yangu iliishia pale pale. Nikamwambia Maige avute kamba mara tatu, ishara ya kupanda. Alivuta. Kamba ilikuwa nyepesi, haina mtu. Ngassa alikwisha kuifungua kiunoni na kuingia kwenye njia ya pembeni, kule kwenye mwamba, na pale kamba haionekani.

Nikaiendea kompresa na kuizima.

"Mzee, kuna mtu chini," Maige alisema.

"Ndiyo maana nazima."

Sheria ya kila duara ni kwamba upepo wa kompresa ukikatika, unaacha ulichoshika na kurudi chini ya mdomo wa shimo, hata kama dhahabu inakutazama. Nilijua Ngassa anaijua. Nisichojua ni kama alikuwa ameanza kugonga. Kompresa ilipokufa kila kitu kilinyamaza, hata jikoni. Nilivua viatu vyote viwili, soksi nikazitupa, nikasimama kwenye tope. Mguu haukuleta kitu. Nilingoja mlio mmoja ambao sikutaka uje. Mwita alikuwa amesimama nyuma yangu na ufunguo wake, na nadhani kufikia hapo alikwisha kuelewa, kwa sababu niliusikia ukianguka.

Kamba ikatikisika. Mara moja, mara mbili, mara tatu.

Maige alizungusha winchi kwa nguvu hata nikamwambia apunguze asije akambamiza kichwa. Ngassa alitokea amejaa vumbi jeupe, macho tu ndiyo yanaonekana, naye amekasirika.

"Nani kazima upepo? Ndiyo kwanza nimeshika moko." Moko ni kile chuma cha kuvunjia mawe.

"Umeshapiga?"

"Bado. Nilikuwa natafuta pa kuanzia."

Nilimshika mkono nikamtoa kwenye kamba mwenyewe. Wengine walikwisha kukusanyika, Abel, Asteria, na watu wa duara la jirani. Ningeweza kusema kwamba kompresa ilikuwa na hitilafu. Neno hilo lilikuwa karibu mdomoni.

"Nilihesabu saba," nilisema. "Zilikuwa sita. Ya saba lilikuwa gari la Mwita. Kuna baruti imelala chini."

Ngassa alikaa juu ya mfuko wa mawe, akajifuta uso kwa fulana, akanitazama miguu.

"Nilikuona umevaa soksi, baba," alisema. "Nikasema leo mzee ana safari. Nikashuka hivyo hivyo."

Yangekuwa matusi ningeyabeba kwa urahisi zaidi. Nilimwambia kwamba nimemkosea yeye, nimemkosea na Klara, na kwamba jioni nitamweleza Klara mimi mwenyewe kwa mdomo wangu. Alikubali kwa kichwa. Kisha, sijui kilichompata, alianza kucheka polepole, mabega yakitikisika. Akamuuliza Mwita kama gari lile lina leseni ya kulipulia baruti, kwa maana Abel aliisotea ya kwake miezi minane. Abel akacheka, Maige akacheka. Mwita pekee ndiye aliyelia, kijana mkubwa vile, akiwa amechuchumaa kando ya winchi. Asteria alimletea maji kwenye kikombe cha bati na kumwambia anywe, hajaua mtu.

Klara nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichagua mchele, akanyanyuka, akaenda nje akakaa huko kitambo. Aliporudi alinitengea chakula. Alisema kama ningemficha akaja kulisikia kisimani, asingenitengea tena.

Asubuhi ya Ijumaa Abel alishuka peke yake. Sisi tulikaa mbali, kompresa ikifanya kazi, kila mtu akiitazama ile kamba. Alikaa chini kama saa nzima. Alipopanda alisema ameipata na ameshaimaliza hatari yake. Ilikuwa tundu la pili kutoka kushoto, tambi imelowa maji, baruti nzima kama ilivyowekwa, imefunikwa na changarawe nyepesi. Moko wa Ngassa ulikuwa umelala shubiri mbili kutoka hapo.

Ngassa alizipima hizo shubiri mbili hewani kwa mkono wake, akaziangalia, akaziangalia tena. "Wabeja, Abel," alisema kwa Kisukuma, akashukuru hivyo tu. Mimi nilitafuta mahali pa kukaa. Nilihisi njaa kali, nikamwomba Asteria kiporo chochote alicho nacho.

Niliwaambia watafute mhesabuji mwingine. Walizungumza bila mimi, kisha Maige akaja na uamuzi wao kwamba nitaendelea, ila tutahesabu wawili, mimi na Ngassa, kila mmoja upande wake bila kutazamana, na namba zisipolingana hakuna anayeshuka. Nilitaka kubishana, lakini nikaona wamefikiri vizuri kuliko ambavyo ningefikiri mimi.

Jumamosi mimi, Mwita na Ngassa tulirudi kwa Donatus. Mwita aliendesha kama mtu aliyebeba trei za mayai, hathubutu kuachia mafuta kwenye mteremko wowote, na karibu na Kahama baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa ilitupita, mwenyewe akatupungia mkono. Donatus alikuwa bado hajaiuza ile sailensa. Alitusikiliza mkasa wote akiwa na miwani yake ya kuchomelea juu ya paji la uso. Nilipofika mahali pa onyo lake nilimwambia mbele ya vijana wake kwamba alisema kweli na mimi nilijidai. Alisema yamekwisha, akaingia chini ya gari kuirudisha sailensa.

Tulianza kurudi jua likiwa bado juu. Mwita alikanyaga mafuta kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, na gari likaenda. Hakuna aliyegeuka kututazama. Ngassa, ambaye siku mbili hakuwa amefumba macho, alilala kwenye kiti cha mbele kabla hatujaumaliza mji, mdomo wazi, mkono umeanguka pembeni.

Mwita alinitazama kwenye kioo, akauliza kama amwamshe akae vizuri.

"Mwache alale," nilisema.

Gari lilikuwa kimya kiasi kwamba hata mimi, kwa masikio haya, nilimsikia akikoroma mpaka Isunga.