Salfa Ndani ya Piano

Mwalimu Gregori alifungua mfuniko wa piano yake akakutana na unga wa njano. Si vumbi, unga! Umejaa kwenye nyaya, umejaa kwenye nyundo ndogo za mbao, umegandamana pembeni kama ukoko wa ugali. Akanusa. Salfa, ile ile ya kupulizia mikorosho.

"Harithi!" alifoka, ingawa nyumbani hamkuwa na mtu. "Harithi, umeniua!"

Tuseme ukweli, mzee alikuwa na haki ya kufoka. Alikuwa Ruangwa miezi miwili ya mvua, anamuuguza dada yake Lusiana. Ufunguo wa nyumba yake ya Nachingwea alimwachia jirani yake Harithi, akamwagiza jambo moja tu: aangalie mchwa wasiingie kwenye piano. Basi. Mwenye akili angebomoa vichuguu ukutani, akafagia, akarudi kwake kula. Harithi, mkulima wa korosho tangu utoto, aliona mchwa wawili watatu akaenda kuchukua salfa iliyobaki msimu uliopita, akabeba na mashine ya mgongoni, akapuliza. Akapuliza hasa! Kisha akafunga madirisha, na mvua ikanyesha wiki nane. Salfa ikikutana na unyevu, chuma hakina maisha.

Gregori akakaa, akajaribu. Mkono wa kushoto ulikuwa unaijua kazi yake, kuruka chini na juu, chini na juu, kama mtu anayetwanga. Wa kulia nao huchelewa makusudi, huingia pasipotarajiwa, hukimbia, hujikwaa, hucheka. Ndiyo ragtaimu hiyo, muziki wa Wamarekani weusi wa zamani, aliojifunza peke yake kwenye kitabu cha nota alichokikuta ndani ya piano hiyo siku alipoipata. Leo vibao alivyobonyeza vilizama visirudi. Waya mmoja ulikatika, paa! Akagusa kingine, paa! Akaondoa mikono.

Alikuwa na miaka sabini na mbili, na viungo vilikuwa vimeanza kukakamaa. Daktari alimwambia wazi: mwaka mmoja, akibahatika miwili, vidole havitakunjuka tena. Na kulikuwa na kipande kimoja, mbwembwe tupu, kidole kinamkimbiza kidole, alichokihangaikia miaka sita. Juma lile kabla ya safari alikipiga kwa mara ya kwanza mwanzo hadi mwisho bila kukosea. Alitaka akipige kila siku hadi vidole vigome vyenyewe. Hakutaka kitu kingine duniani. Sasa nyaya zimetangulia kugoma, na Nachingwea nzima ukiulizia waya utaletewa wa kuanikia nguo!

Harithi akaingia bila hodi, meno yote nje.

"Mmwera, umerudi? Nikadhani Ruangwa wamekuuza! Haya, toa asante. Mchwa hata mmoja sikumbakiza."

Harithi ni Myao, Gregori ni Mmwera, na makabila yao mawili ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akikutukana unacheka. Akimkamata kuku wako akamchinja, unacheka. Hata msibani atamwigiza marehemu wako, nawe utacheka huku machozi yanakutoka. Miaka arobaini Gregori alicheka. Na tumpe Harithi haki yake: majirani wengine waliuita muziki ule kelele za mzee, yeye ndiye aliyekuja kila jioni, akacheza kofia mkononi, akipaza sauti, "Kidole hicho kimelewa, Mmwera! Kipeleke kikalale!"

"Toka," Gregori akasema.

"Haa! Mtani ananuna? Faudhia, njoo uone maajabu!"

Faudhia, mke wa Harithi, akachungulia dirishani. "Mwalimu, mtani hanuniwi, unajua. Toa kuku wa faini ya kununa yaishe. Hasira hasara."

"Hasara imeshaingia!" Gregori akapiga ngumi ubao wa piano, unga wa njano ukaruka. "Ipo humu ndani, njooni mwione! Sikilizeni. Utani wangu na huyu umekufa leo. Kuanzia leo yeye ni jirani tu."

Harithi akaacha kucheka. Akasogea, akachungulia ndani ya piano, akagusa waya kwa ncha ya kidole. Ukakatika.

"Nilijua salfa inaponya," alisema polepole. "Mikorosho inaponya."

"Piano si mkorosho, mpumbavu wewe!"

Hapo mtani angerudisha tusi, tena zito. Harithi alivaa kofia yake akatoka.

Siku tatu Gregori alisugua zile nyundo kwa mswaki, anatukana, anasonya, usingizi haumjii. Siku ya nne yuko barazani, Harithi akapita na jembe begani kuelekea shambani. Akasimama mbali, akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

Miaka arobaini, Harithi hajawahi kumpa shikamoo. Gregori akangoja kicheko kifuate. Hakikufuata.

"Shikamoo ya nini?" akafoka. "Nitukane! Nitukane basi, mjinga wewe, kama una mdomo!"

"Siwezi, Mwalimu," Harithi alisema. "Mtu hamtukani jirani." Akavaa kofia, akaenda zake shambani.