Vikombe vya Waya

Watu wa simu walipobadilisha nguzo za barabara ya Mboko, walitupa majanini vile vioo vinavyoshika waya kule juu. Vilitoka Ulaya, vizito, vya kijani, na herufi zimechomoza pembeni. Pale Baraka watu waliviita vikombe, maana ukikigeuza kimoja kinashika maji. Mama Adolphine aliokota thelathini na kimoja.

Mume alikuwa amekufa, binti yake Georgette ameolewa Albertville. Hakuna aliyemwuliza ameamkaje. Basi kutwa alisugua vioo vyake kwa majivu na ndimu, akiviongelesha kidogo.

Ikaja barua: Georgette anakuja na mtoto, watakaa mpaka Noeli. Adolphine akataka ving'ae vyote, lakini uchafu wa ndani ulikataa kutoka. Albert, dereva wa kamio la mizigo, akamcheka.

“We mama, utasugua mpaka vidole viishe! Kamata hii maji ya batri. Tia ndani, ngoja. Usiiguse na mukono.”

Wageni wakafika. Dorothée, wa miaka minne, akasimama mbele ya vioo.

“Nyanya, hii ni nini?”

“Vikombe vyangu.”

“Nani anakunywa?”

“Bageni kama weye!” Wakacheka wote. Nyumba ile ilikuwa haijasikia kicheko siku nyingi.

Siku ya tatu Adolphine alitia maji ya batri ndani ya kioo kimoja, akakisimamisha kwenye mchanga kando ya mlango, akaingia kusonga bukari, ugali wa muhogo.

“Nyanya, niko na kiu!”

“Kunywa na kikombe, mama yangu.”

Yeye aliwaza kikombe cha bati juu ya mtungi. Mama unayesoma, hapo ndipo pa kuogopa: alijibu bila kugeuka.

Kilio kikamtoa mbio. Mtoto alikuwa ametema, ndiyo maana alipona, alisema muganga wa dispansari. Lakini midomo na ulimi viliungua.

Georgette hakumtukana mama yake. Angemtukana, ingekuwa nafuu. Alifunga mizigo.

“Nitavitupa vyote, mwanangu.”

“Utupe, usitupe, mama. Mi siwezi tena kulala hapa.”

Adolphine akawasindikiza mpaka ziwani, kwenye boti ya Albertville, akitembea nyuma yao kama mpita njia. Dorothée aliinua mkono kumuaga nyanya yake. Mama yake akaushika, akaushusha polepole.

Noeli ile haikuja barua. Wala Noeli iliyofuata.